Namna ya kuutoa mkataba wa serikali kabatini

Kabla ya kuandika barua yoyote, nenda kwenye mradi wenyewe upige picha ya bango. Kote nchini Kenya mabango haya hufanana: jina la mradi, ofisi inayolipa, mkandarasi, mhandisi msimamizi na, bahati ikiwepo, nambari ya zabuni. Bei mara nyingi haipo. Nambari ya zabuni ndiyo utakayoihitaji kuliko vyote, kwa kuwa idara ya ununuzi hupanga faili zake kwa nambari, haipangi kwa majina ya mitaa yetu. Ukiitisha mkataba wa "ile barabara ya marram ya kwenda sokoni" utaambiwa barabara za namna hiyo ni nyingi. Ukitaja nambari, anayekujibu hana budi kusema anao au hanao.

Watu wengi huanzia kwingine. Huitisha uwazi. Hupeleka risala kwa gavana, hushika vipaza sauti kwenye vikao vya bajeti, na wakubwa waliopo hukubaliana nao kwa moyo mkunjufu, maana uwazi mtu anaweza kuuahidi kila mwaka bila kudaiwa kitu. Karatasi moja yenye jina, nambari na tarehe haichezewi hivyo: ama imetolewa, ama imezuiwa, na aliyeizuia anajulikana.

Sheria ziko upande wako kuliko unavyodhani. Ibara ya 35 ya Katiba ya 2010 inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, katika kifungu cha 5, inaitaka ofisi ya umma ikishatia saini mkataba ichapishe kwenye tovuti yake, au kwa njia nyingine ifaayo, kazi au bidhaa iliyonunuliwa, thamani ya mkataba, jina la aliyepewa na muda wa kukamilisha. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015, kifungu cha 138, nayo inadai mikataba itangazwe. Juni 2018 Rais Uhuru Kenyatta akatoa agizo kwamba kuanzia 1 Julai mwaka huo taasisi zote zinazonunua kwa fedha za umma ziweke wazi zabuni zao na waliozipata, na tovuti ya tenders.go.ke ikawa mahali pa kuzikusanya.

Zote hizo zinailazimu ofisi ichapishe hata kama hakuna aliyeuliza. Ajabu ni kwamba ofisi nyingi hutangaza zabuni vizuri kabisa, kwa sababu bila tangazo hazipati waombaji, kisha hunyamaza. Aliyeshinda, bei aliyoshinda nayo, nyongeza alizopewa baadaye, pesa alizokwisha kulipwa: ukimya huanzia hapo, na barua yako ilenge hapo.

Kwa hiyo kituo cha pili ni saiba, au simu yako kama ina bando. Tafuta mradi kwenye tenders.go.ke, kisha kwenye tovuti ya kaunti au ya wizara. Usipoupata, piga picha ya skrini inayoonyesha ulichotafuta na tarehe. Siku ukifika mbele ya Ombudsman au hakimu, picha hiyo ndiyo itakayoonyesha kwamba ofisi haikutimiza wajibu wake hata kabla hujaiandikia. Hakikisha pia mradi ni wa nani. Barabara zinazosumbua watu wengi zina wenyewe wanne: KeNHA kwa barabara kuu za kitaifa, KURA kwa za mijini, KeRRA kwa za mashambani zilizo chini ya serikali kuu, na kaunti kwa zilizosalia. Darasa la shule ya msingi pengine ni la NG-CDF ya eneobunge, ilhali darasa la chekechea ni la kaunti. Nusu ya barua zinazopotea hupotelea kwa mwenyewe asiye sahihi.

Sasa ripoti ya ukaguzi. Mkataba na ukaguzi huenda pamoja, lakini haviji wakati mmoja. Mkataba unakuonyesha pesa kabla hazijatoka, ukaguzi unakuonyesha zilikokwenda. Mwaka wa fedha wa serikali hufungwa 30 Juni. Ofisi ina miezi mitatu kumpelekea Mkaguzi Mkuu hesabu zake, yaani hadi 30 Septemba, naye Mkaguzi Mkuu, kwa ibara ya 229 ya Katiba, ana hadi mwisho wa Desemba kukagua na kuwasilisha ripoti bungeni au kwenye bunge la kaunti. Bunge nalo lina miezi mitatu kuijadili na kuchukua hatua. Ripoti zenyewe huwekwa kwenye oagkenya.go.ke, na Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya 2015 inataka zichapishwe ndani ya siku 14 baada ya kuwasilishwa. Andika tarehe hizi kwenye kalenda ya ukutani. Mwenye kuuliza Agosti kuhusu mwaka uliofungwa Juni anajisumbua. Mwenye kuuliza Februari ana hoja.

Ripoti hizi ni nene na lugha yake ni kavu, ila huhitaji kuisoma yote. Anza na hati. Hati safi maana yake hesabu zimekaa sawa, lakini haina maana kwamba zahanati imejengwa vizuri. Hati yenye shaka ina dosari zilizotajwa moja moja. Hati mbaya inasema hesabu zenyewe haziaminiki. Ya nne ndiyo mbaya zaidi machoni pangu: mkaguzi anasema ameshindwa kutoa maoni, kwa kawaida kwa sababu hakupewa stakabadhi. Kisha ruka hadi sehemu ya uhalali wa matumizi. Humo ndimo miradi hutajwa kwa majina, na mkaguzi aliyetembelea eneo huandika alichokikuta: kisima kisicho na pampu, soko lisilo na choo, jengo lililolipiwa lote ilhali limefika kwenye linta. Mwisho, tafuta masuala ya miaka iliyopita yasiyotatuliwa. Aya moja ikijirudia mwaka hadi mwaka, swali si la mkandarasi tena. Muulize mwakilishi wadi wako kamati ya hesabu ya bunge la kaunti iliamua nini.

Kwa nini tusitegemee ukaguzi peke yake? Tazama KEMSA. Mwaka 2020 mamlaka hiyo ya dawa ilinunua vifaa vya Covid-19 vya takriban shilingi bilioni 7.8, na ripoti maalum ya Mkaguzi Mkuu, Nancy Gathungu, ikatoka Septemba wakati vitu vimeshanunuliwa na vingine vimelala ghalani. Mwisho wa Agosti Rais alikuwa ameagiza ununuzi wa KEMSA uwekwe wazi mtandaoni ndani ya siku 30. Lingekuwa agizo jema zaidi mwezi wa Aprili. Kampuni zilizopewa kazi zingesomwa na waandishi, na wafanyabiashara washindani, na wapekuzi wa mitandaoni wasiolala, wakati bado kuna pesa ya kuzuia.

Turudi kwenye barua. Iandike kwa Kiswahili kama ndicho unachokiweza vizuri. Sheria inasema ombi linaweza kuwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na asiyejua kuandika ana haki ya kueleza kwa mdomo afisa akaliandika. Usieleze sababu, kwani sheria haikudai sababu. Usitaje wizi, usimtaje mtu, usiandike kwa hasira. Iwe fupi kiasi kwamba masjala haiwezi kusingizia haikuielewa. Mfano:

"Kwa Katibu wa Kaunti. Yah: Ombi la habari chini ya ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Mimi ni raia wa Kenya, mwenye kitambulisho nambari… Naomba nakala za hati hizi kuhusu zabuni nambari…: mkataba uliotiwa saini, BQ iliyoambatanishwa, barua zote za kubadilisha bei, kiasi cha kazi au muda, vyeti vya malipo vilivyotolewa hadi leo, pamoja na tarehe, na cheti cha kukamilika, kama kipo. Naomba nitumiwe kwa barua pepe hii… Naomba pia hati hizo ziwekwe kwenye tovuti ya kaunti kama kifungu cha 5 kinavyoagiza, na nijulishwe siku zilipowekwa."

Usiisahau BQ. Ndiyo jedwali linaloorodhesha kila kazi na bei yake: lori ngapi za marram, mita ngapi za mtaro, kalvati ngapi na za upana gani. Mkataba bila BQ unakwambia barabara iligharimu milioni ngapi tu. Ukiwa na BQ, vijana wawili wenye futi ya kupimia wanaweza kushinda barabarani Jumamosi moja na kurudi na majibu.

Peleka nakala mbili kwa mkono. Moja ibaki, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Kama ni mbali, tuma kwa barua pepe na uhifadhi ushahidi wa kutuma. Kuanzia siku hiyo ofisi ina siku 21 za kujibu. Ikiwa habari inahusu uhai au uhuru wa mtu ni saa 48. Inaweza kujiongezea muda mara moja, usiozidi siku 14, ikieleza kwa nini. Kuomba hakulipiwi, kinachoweza kutozwa ni gharama ya kutoa nakala. Na siku zikipita bila jibu, sheria inahesabu kwamba umekataliwa. Wengi hawalijui hili, wakaendelea kungoja miezi na kupiga simu zisizopokelewa. Ukimya wa ofisi una maana kisheria, nao hukufungulia mlango wa rufaa.

Kabla ya huko utakutana na visingizio. Cha kwanza ni siri ya biashara. Ni kweli kifungu cha 6 kinalinda baadhi ya mambo, likiwemo suala la madhara kwa biashara ya mtu wa tatu, lakini thamani ya mkataba na jina la mkandarasi vimetajwa waziwazi katika kifungu cha 5 kuwa vya kuchapishwa, na sheria yenyewe inakubali kwamba maslahi ya umma yanaweza kuzidi uzito wa madhara hayo. Jibu: tafadhali fichani mistari mnayodai ni siri, mnipe iliyobaki, na mniandikie kifungu mlichokitumia. Cha pili ni kwamba mradi si wao. Basi wana siku tano kulipeleka ombi lako kwa mwenyewe na kukuarifu, hawaruhusiwi kukurudisha nalo nyumbani. Cha tatu, na hiki ni kitamu, ni kuitwa ofisini "tuzungumze". Nenda, kunywa chai ukikaribishwa, lakini usikubali maneno ya mdomo yachukue nafasi ya karatasi. Ukitoka, andika barua pepe fupi: nilifika leo, niliambiwa hivi, ombi langu bado liko palepale.

Ukikataliwa, kwa maandishi au kwa ukimya, una siku 30 kupeleka suala hilo kwa tume ya CAJ, ambayo watu huijua zaidi kwa jina la Ombudsman. Huhitaji wakili. Ambatanisha barua yenye muhuri, picha ya skrini na majibu yoyote uliyopata. Tume inaweza kuiamuru ofisi itoe habari, na amri yake inaweza kupelekwa Mahakama Kuu ikatekelezwa kama hukumu.

Mahakama ni njia ndefu, lakini imewahi kufika. Khelef Khalifa na Wanjiru Gikonyo waliwahi kuitisha mikataba ya reli ya SGR, wakaambiwa ina masharti ya usiri. Walikwenda Mahakama Kuu ya Mombasa, na Mei 2022 Jaji John Mativo akaamua kwamba kuwanyima kulivunja haki yao ya habari. Novemba mwaka huo Waziri wa Uchukuzi, Kipchumba Murkomen, akaiweka hadharani mikataba ya mkopo iliyotiwa saini na benki ya Exim ya Uchina mwaka 2014. Wakenya wakasoma wenyewe kwamba mgogoro ukitokea, usuluhishi ungefanyika Beijing. Treni zilikuwa zikibeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi tangu 2017. Nchi nzima ilikuwa inalipa deni ambalo masharti yake yalikuwa kabatini.

Mkataba ukishapatikana, usiishie kuuposti kwenye kikundi cha WhatsApp na maneno "someni wenyewe". Tafuta vitu vitatu. Kwanza tarehe: kazi ilianza kabla ya saini? Pili, mwenye kampuni. Hati ya CR12 inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa hupatikana kupitia eCitizen kwa ada ndogo. Angalia kampuni ilisajiliwa lini kulinganisha na siku ya zabuni. Tatu, nyongeza. Kifungu cha 139 cha Sheria ya Ununuzi kinazuia mabadiliko yote kwa jumla yasipandishe bei ya mkataba kwa zaidi ya asilimia 25. Mkataba wa milioni 40 ukiishia kwenye milioni 54, kuna mtu anapaswa kueleza, na sasa unajua wa kumuuliza. Ukiona jambo lisilokaa sawa, andika ulichokiona: "BQ inasema kalvati sita, tumekuta nne." Sentensi hiyo haimkashifu mtu na haipingiki.

Hayo yote ni kuvua samaki mmoja mmoja. Mkikusanyika wengi, mnaweza kuidai kaunti iwe na sheria yake ya kuchapisha. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinampa mtu yeyote haki ya kuliomba bunge la kaunti litunge, libadilishe au lifute sheria iliyo ndani ya mamlaka yake. Ombi hupelekwa kwa karani wa bunge. Liandikeni kwa kina, kwa sababu sheria inayosema kaunti "itajitahidi kuimarisha uwazi" ni hewa tupu. Tajeni hati zipi: mkataba, BQ, nyongeza, malipo, ripoti ya ukaguzi na majibu ya kaunti kwa mkaguzi. Tajeni muda: siku 14 tangu saini ni za kutosha. Tajeni umbo. Karatasi iliyopigwa picha ikiwa imelala upande haitafutiki wala haijumlishiki, kwa hiyo orodha ya mikataba na malipo iwe jedwali la Excel linalopakuliwa bure bila kujisajili. Tajeni pia ubao wa matangazo katika ofisi ya wadi, kwani si kila mama wa sokoni ana bando.

Halafu liwekeeni meno. Slovakia ilifanya hivyo kuanzia Januari 2011: mkataba wa serikali hauanzi kufanya kazi mpaka uchapishwe kwenye rejista ya mtandaoni, na usipochapishwa ndani ya miezi mitatu huhesabiwa kama haukuwahi kufungwa. Ghafla mkandarasi mwenyewe anakuwa wa kwanza kuuliza mkataba wake umewekwa au la, kwa sababu bila hivyo halipwi. Hapa kwetu Makueni, wakati wa Gavana Kivutha Kibwana, ilijenga tovuti ya mikataba ya wazi, na kamati za wananchi za miradi zikapewa nafasi ya kutia saini kabla mkandarasi hajalipwa. Kaunti nyingine haziwezi kudai kwamba jambo hili ni la Ulaya.

Ombi lenu lidai kifungu kimoja juu ya vingine vyote: hazina ya kaunti isilipe cheti chochote cha mkataba ambao haujachapishwa. Faini kwa maafisa hulipwa kwa shida na hukatiwa rufaa. Malipo yakisimama, faili hutoka kabatini siku hiyohiyo.

Lisainini kwa vikundi, si mtu mmoja: chama cha akina mama, msikiti, kanisa, wanabodaboda, walimu wastaafu. Wastaafu hasa, maana wana wakati, wanajua kuandika barua za ofisi, na hawana kazi ya kufutwa. Mkishaliwasilisha, muulizeni karani litajadiliwa siku gani na mwende mkakae ukumbini. Vikao vya bunge la kaunti, kwa ibara ya 196 ya Katiba, viko wazi kwa umma. Na barua ya mkataba wa kwanza isingoje ombi hilo lipite: chagueni mradi mmoja ambao bado haujakamilika, mpeleke barua wiki hii, na mhesabu siku 21.